Jasho la Mgeni

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii nimewatolea wengine mara nyingi, nikiwaonya, kabla sijatambua kwamba ilikuwa inanihusu mimi mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya viungo kwa muda wa miaka 37, na mzigo niliouona mwepesi kama usufi ulikuwa ni mwili wa mtoto wa watu.

Jambo ninalotaka kulisimulia lilitokea mwezi Oktoba mwaka 1981, katika shule moja ya sekondari mkoani Shinyanga. Nilikuwa na umri wa miaka 27, mwenye afya, mwenye filimbi shingoni, na mwenye hakika ya kila kitu. Enzi zile mbio zilikuwa mazungumzo ya kila baraza. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walikuwa wamerudi kutoka Moscow kila mmoja na medali ya fedha. Nami nilipenda kuwasimulia vijana wangu habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji, wakati watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Nikiwasimulia hivyo, nilikuwa nawafundisha kwamba ushujaa ni kuvumilia. Sikuwa nimejiuliza kuvumilia nini, na kwa amri ya nani.

Katika daftari langu la chuo nilikuwa nimeandika kanuni tatu, nazo nilizishika kama sala. Ya kwanza, mkimbiaji asinywe maji mazoezini, kwani maji hulitia tumbo uzito na kuleta kichomi. Ya pili, kiu ni udhaifu wa nia. Ya tatu, mwili huzoea kiu kama kiganja kinavyozoea jembe.

Siku ile tulianza saa 8 mchana, kilomita 12 kwenye barabara ya vumbi. Miongoni mwa vijana alikuwamo mmoja wa kidato cha tatu ambaye alikuwa na siku ya nne tu tangu afike kwetu. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Lushoto. Kijana alisifika kwa mbio huko kwao milimani, nami nilifurahi kumpata. Tulipopita kisimani aliniomba ruhusa anywe. Nikamwambia, "Maliza kwanza. Wewe ni mwanamume, au tumekuletewa mtoto?" Wenzake wakacheka, naye akaendelea.

Baada ya kama kilomita 9 alianza kuyumba. Akawa anawaita watu ambao hawakuwepo. Kisha akaanguka. Nilipomgusa, ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa jikoni. Tulimpakia kwenye baiskeli, wawili wakimshikilia, hadi zahanati. Mama muuguzi aliyetupokea hakupoteza muda kwa maneno. Alimvua shati, akammwagia maji ya mitungi miwili, akawaamuru vijana wampepee kwa khanga na kwa madaftari yao bila kupumzika. Ndipo akanigeukia. "Mwalimu, huyu mtoto amekunywa maji saa ngapi?" Nikanyamaza.

Kwa rehema za Mungu kijana alifumbua macho. Alilazwa hospitali siku 6, akapona. Lakini sijamaliza. Mkuu wa shule aliponiita kuniuliza ilikuwaje, nilijibu kwamba kijana hakunywa uji asubuhi ile, na kwamba maumbile yake ni dhaifu. Jibu hilo likaandikwa. Kijana akaondolewa kwenye orodha ya michezo, na mwisho wa mwaka baba yake akahamishwa tena, nami sikumwona tena kwa miaka mingi. Neno langu alikwenda nalo.

Tangu hapo nilianza kusoma. Sitajisifu kwamba nilisoma kwa kupenda elimu. Nilisoma kama mtu anayetafuta shahidi wa kumtetea. Kitabu cha anatomia nilichokuwa nacho kilinifundisha mifupa 206 ya mtu mzima, na misuli mmoja baada ya mwingine, unakoanzia na unakoishia. Kuhusu jasho kilikuwa na nusu ukurasa. Hivyo basi, nilimjua mtu kama fundi anavyolijua gari lililozimwa. Nilijua kila kipande kilipo, lakini sikujua jinsi chombo hicho kinavyopoa kikiwa safarini.

Nilichokigundua pole pole ni kwamba nusu ukurasa ule ulikuwa na historia ndefu nyuma yake. Daktari mmoja wa Italia, Santorio Santorio, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Padua, alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani kubwa. Kwa muda wa miaka kama 30 alijipima uzito humo, kabla na baada ya kula, kulala na kufanya kazi, akapima pia chakula alichoingiza na vyote vilivyomtoka. Mwaka 1614 akatoa kitabu. Alieleza kwamba mtu akila na kunywa ratili 8 kwa siku, kiasi cha ratili 5 kinaweza kumtoka bila kuonekana kwa macho. Hakikuwa choo wala mkojo, bali unyevu uliokuwa ukiondoka mwilini kimya kimya. Hakujua sababu yake, lakini alijua kupima, na kupima ni mwanzo wa kuacha kubahatisha. Tezi zenyewe zinazotoa jasho hazikuelezwa vizuri mpaka mwaka 1833, Jan Purkinje alipoichunguza ngozi kwa darubini. Leo twajua kwamba mtu anazo kati ya milioni 2 na milioni 4.

Sasa, jasho ni la kazi gani? Mimi nilidhani ni uchafu unaotoka, na wako wengi hadi leo wanaodhani hivyo. Jibu linaanzia kwenye msuli. Msuli unapofanya kazi, ni robo tu ya nguvu inayotokana na chakula, au pungufu ya hapo, inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki yote hugeuka joto. Mkimbiaji mwenye kilo 60, akienda kilomita 12 kwa saa, huzalisha joto la kama kilokalori 550 kwa saa hiyo. Laiti joto hilo lingebaki mwilini lote, damu yake ingepanda nyuzi 1 kila baada ya dakika 5 au 6, naye angefika kwenye hatari ya mauti kabla ya nusu saa. Hafiki huko kwa sababu ya jasho. Lita moja ya jasho, ikigeuka mvuke juu ya ngozi, huchukua kilokalori 580 hivi na kuondoka nazo. Zingatia, ndugu msomaji, neno "ikigeuka mvuke". Jasho linalodondoka chini ni maji yaliyopotea bure.

Jambo hili lilithibitishwa mjini London mwaka 1774, kwa namna ambayo hadi leo hunichekesha. Daktari George Fordyce alikuwa na vyumba vilivyopashwa moto mkali, naye alimwalika Charles Blagden na wenzake kadhaa kuingia humo. Joto la chumba lilipandishwa hadi nyuzi 127 za Selsiasi, yaani kupita kiwango cha maji kuchemka. Humo ndani mayai yaliiva yakawa magumu, na nyama iliiva. Waungwana wale walikaa dakika kadhaa, wakatoka wazima, na joto la miili yao halikuwa limepanda kwa kiasi cha kutisha. Kisha Blagden akaweka chombo cha maji chumbani, na maji hayakuchemka. Alipoyadondoshea mafuta kidogo, mafuta yakatanda juu na kuyazuia yasitoe mvuke. Muda si muda yakachemka. Kilichokuwa kimeyapooza ni mvuke wake yenyewe.

Niliposoma hayo niliuangalia mtungi uliokuwa kwenye kona ya nyumba yangu ya shule. Mama zetu waliyajua haya kabla ya Blagden. Mtungi wa udongo hutoka jasho, jasho hukauka, na maji ya ndani hupoa. Pale Shinyanga kwenye hewa kavu, maji ya mtungini yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nilipohamia Dar es Salaam mwaka 1990 nilikwenda na mtungi ule ule, na maji yake hayakuwahi kupoa namna ile, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu tayari na haina nafasi ya kupokea mvuke mwingine. Mwili wa binadamu ni hivyo hivyo. Mwalimu anayewakimbiza watu ufukweni mwezi Februari anapaswa kujua kwamba jasho jingi analoliona likichuruzika si dalili ya mazoezi mazuri. Huenda ni dalili kwamba mtungi haupoi.

Lakini bado nilikuwa na swali. Vijana 20 walikimbia siku ile, chini ya jua moja, na wote niliwanyima maji. Kwa nini aanguke mmoja? Kwa miaka kadhaa nilijijibu kama nilivyomjibu mkuu wa shule, kwamba yule alikuwa dhaifu. Jibu la kweli nililipata mahali ambapo sikutegemea, katika habari za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini.

Hapo nimkumbuke mjomba wangu. Alikuwa mtu wa Rungwe, na katika miaka ya 1950 alikwenda Johannesburg migodini, kama walivyofanya vijana wengi wa nyanda zetu za juu kusini. Aliporudi alileta sanduku la bati, blanketi, na hadithi. Moja aliyopenda kuirudia ni kwamba walipofika hawakupelekwa moja kwa moja mahali penye joto kali. Siku za mwanzo walipewa kazi nyepesi sehemu zenye joto la wastani, na wakati wa kazi walipita watu wa kuwapima joto la mwili. "Walitupima homa bila ugonjwa," alikuwa akisema, na sisi watoto tulicheka tukidhani ni kituko cha wazungu.

Hakikuwa kituko. Migodi ile ilikuwa imekwenda chini sana, wakati ule tayari kina cha kilomita 2 na zaidi, ambako mwamba wenyewe una joto. Aidha, ili kuzuia vumbi la mawe linaloharibu mapafu, ilibidi maji yanyunyizwe kila mahali. Hivyo dawa ya mapafu ikawa balaa kwa ngozi, kwani hewa ilijaa unyevu na jasho la wachimbaji halikuweza kukauka. Mwaka 1924 ndipo zilipoandikwa habari za wachimbaji wa kwanza kufa kwa kuzidiwa na joto, na vifo vikaendelea. Katika miaka ya 1930 daktari wa migodi aliyeitwa Dreosti akaanza kuwaweka wafanyakazi katika chumba chenye joto na unyevu, akawapa kazi ya sulubu kwa muda maalumu, na kupima joto la miili yao. Mwaka 1935 akatoa taarifa yake. Aligundua kwamba watu hutofautiana sana. Wachache hulimudu joto tangu siku ya kwanza. Wengi hawalimudu mpaka walizoee kwa siku kadhaa, kazi ikiongezwa kidogo kidogo. Mgeni ndiye aliye hatarini.

Waliokuja baada yake walieleza kinachotokea ndani. Mtu akifanya kazi katika joto kila siku, kwa muda wa siku 7 hadi 14 mwili wake hujijenga upya bila yeye kujua. Sehemu ya maji ya damu huongezeka, hivyo moyo hupata cha kusukuma kwenda kwenye ngozi bila kuinyima misuli. Mapigo ya moyo hupungua kwa kazi ile ile. Jasho huanza mapema zaidi, hutoka kwa wingi zaidi, na huwa na chumvi kidogo zaidi. Mtu ni yule yule, mifupa 206 ile ile, lakini ni mtungi mwingine.

Kijana wangu alikuwa na siku 4 tangu atoke kwenye baridi ya Lushoto.

Niliposoma taarifa hizo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Yule hakuwa dhaifu. Alikuwa mgeni. Nami sikuwa nimemuuliza hata swali moja kuhusu alikotoka, zaidi ya kufurahia sifa zake za mbio. Na jambo lililoniuma zaidi ni hesabu ya miaka. Taarifa ya Dreosti ilitolewa mwaka 1935. Mwaka 1981 ukweli huo ulikuwa na umri wa miaka 46, na ulikuwa umelipiwa na maisha ya Waafrika wenzangu, labda hata na majirani wa mjomba. Wenye migodi hawakuutafuta kwa huruma tupu. Walitaka dhahabu itoke na kazi isisimame. Lakini elimu ikishapatikana ni elimu, na waliotoa jasho lao ndani ya chumba kile majina yao sijayakuta katika kitabu chochote cha mazoezi nilichopata kukisoma. Kila mkufunzi wa leo anayewaambia wanariadha wafike siku kadhaa kabla ya mashindano ili wazoee joto, anasimama juu ya migongo ya wachimbaji wale, ajue asijue.

Na maji je? Hapa pia daftari langu lilikuwa na uzee wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitabu vya mafunzo ya marathoni vilimshauri mkimbiaji asijizoeze kunywa njiani, na kanuni za mashindano kwa muda mrefu zilimchelewesha kupata kinywaji. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyolazimisha watu kupima. Katika maabara ya uchovu ya Chuo Kikuu cha Harvard, watafiti waliwatembeza watu kwenye joto, safari nyingine bila maji, nyingine wakinywa wapendavyo, nyingine wakinywa kulingana na jasho lililowatoka. Taarifa yao ya mwaka 1944 ilionyesha wazi kwamba bila maji joto la mwili hupanda na mtu huchoka mapema. Mwenzao Edward Adolph, aliyewapima askari katika jangwa la Marekani, alitoa kitabu mwaka 1947 akisema kwamba mwili hauzoei kukosa maji hata kidogo. Tena aliyezoea joto hutokwa na jasho zaidi, hivyo huhitaji maji mengi kuliko mgeni, si machache. Kanuni yangu ya jembe na kiganja ikafa hapo. Mwaka 1969, huko huko Afrika Kusini, Wyndham na Strydom waliokuwa wakichunguza joto la wachimbaji waliwageukia wakimbiaji wa marathoni, wakaonya juu ya hatari ya kunywa maji machache mno.

Basi nikatubu, na kama watubuo wengi nikapita kiasi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000 nilikuwa mhubiri wa maji. Niliwalazimisha vijana wanywe kabla ya kusikia kiu, nikiwaambia kwamba mwenye kusubiri kiu amekwisha kuchelewa. Sikuwa peke yangu. Mwaka 1996 chuo kikubwa cha tiba ya michezo cha Marekani kilishauri wanariadha wajaribu kurudisha maji yote yaliyopotea, au wanywe kiasi kikubwa kadiri tumbo linavyoweza kustahimili. Nilikuwa nimeondoka kwenye amri moja na kuingia kwenye amri nyingine, na katika zote mbili mtoto hakuulizwa anajisikiaje.

Wakati huo huo onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1985 Tim Noakes wa Cape Town na wenzake waliandika habari za wanariadha wanne wa mbio ndefu walioanguka si kwa kukosa maji bali kwa kuyazidisha. Maji yakizidi, chumvi ya damu hupungua makali, na maji hukimbilia ndani ya chembe za mwili. Ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mwaka 2002 mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo katika marathoni ya Boston. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 wa mashindano hayo hayo walitoa matokeo yao mwaka 2005. Asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu katika damu. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali likatoa ushauri ambao bibi yangu angeutoa bila malipo, kwamba mtu anywe anapoona kiu.

Kwani kiu ni nini? Si udhaifu wa nia. Mapema miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Bengt Andersson, aliwachoma mbuzi sindano yenye matone machache ya maji ya chumvi katika sehemu ndogo chini ya ubongo, na mbuzi waliokwisha shiba maji wakaanza kunywa tena kwa pupa. Sehemu hiyo huonja damu muda wote. Damu ikikolea chumvi kidogo tu, hutuma habari mbili, moja kwa figo zibane mkojo, nyingine kwa mwenye mwili atafute maji. Kumbe siku ile kisimani, kijana aliponiomba ruhusa, hakuwa akilalamika. Alikuwa akiniletea taarifa ya kipimo kilicho sahihi kuliko chochote nilichokuwa nacho mimi, nami nilimjibu kwa kejeli.

Hata hivyo lazima niseme kweli yote. Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa maji tu, kwa sababu kosa la maji ni jepesi kulisahihisha, unabeba ndoo. Maji peke yake yasingemwokoa. Lita moja aliyoihitaji isingebadili ukweli kwamba nilimwendesha kasi ya wenyeji, saa 8 mchana, akiwa na siku 4. Kosa lilikuwa la kutomjua.

Mwaka 2017 nilialikwa harusi mjini Morogoro. Katikati ya sherehe mtu mzima mwenye upara akanijia, akainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikimtazama bila kumtambua. Akanitajia jina na shule. Nilikaa chini.

Tulitoka nje tukazungumza. Alikuwa mhasibu, ana watoto wanne. Nilipomuuliza kuhusu watoto, akaniambia kwamba yule wa pili anapenda mno riadha, na mwalimu wake anamtaka kwenye timu. "Lakini nimemkataza, Mwalimu. Nimemwambia ukoo wetu hatuna mwili wa mbio. Mimi nilijaribu, unakumbuka mwenyewe." Alisema hayo akitabasamu, bila kinyongo chochote, kama mtu anayetaja kimo chake. Kwa miaka 36 alikuwa amelibeba neno langu, na sasa alikuwa anamtwika mwanawe.

Nilimweleza. Nilimweleza habari za Lushoto na Shinyanga, za mtungi, za mjomba na wale waliopimwa homa bila ugonjwa. Nilimwambia kwamba laiti ningempa wiki mbili, na kumwanzisha asubuhi kwa mwendo mdogo, na kumwacha anywe, huenda ningekuwa nimemfundisha bingwa wa mkoa. Mwisho nilimwambia nililomjibu mkuu wa shule.

Alinyamaza kwa muda. Ndani walikuwa wanapiga vigelegele. Kisha akasema, "Lakini uji nilikunywa, Mwalimu. Siku ile nilikunywa vikombe viwili."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa najua hata siku ile."

Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo kijana akimbie?" Nikamjibu akimbie, ila amwambie mwalimu wake anakotoka na siku alizokaa, na mwalimu asipotaka kusikia, amwondoe. Akatikisa kichwa, tukarudi ndani kula pilau.

Tangu nistaafu, vijana wanaofundisha mazoezi katika kumbi za jijini huniomba mara kwa mara niwape somo la anatomia na fiziolojia. Wanakuja na vyeti, na vipimo vya mapigo ya moyo mkononi. Wanajua majina ya misuli kuliko nilivyojua mimi. Sianzi tena na picha ya mifupa. Huanza kwa kuwataka kila mmoja aniambie anamfundisha nani, huyo mtu katoka wapi, ana siku ngapi hapo, anafanya kazi gani mchana, ameugua lini mara ya mwisho. Wengi hawawezi kujibu. Hapo ndipo ninapowasimulia habari za kijana wa Lushoto, na safari hii nasema na habari za uji.

Wengine huona aibu kwa niaba yangu. Mimi naona ni nafuu. Elimu ya mwili imejengwa na watu waliokubali kusahihishwa na kipimo, na mara nyingi imelipiwa na watu ambao hawakuulizwa. Nami nimeishika mikononi kwa miaka mingi nikidhani ni mali yangu ya kuamrishia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi kwa yule asiyeubeba. Ukitaka kujua uzito wake, muulize aliyeubeba, na akikuambia ana kiu, mpe maji.